Kezia, Binti wa Pili wa Ayubu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Jina Adimu

Safu hii hupokea maswali mengi kuhusu majina ya watoto, na kwa kawaida kila barua huja na jina lake. Katika miezi ya karibuni, hata hivyo, barua kadhaa kutoka Nakuru, Kisumu, Vihiga na Mumias zimeuliza kuhusu jina moja tu, Kezia, kila barua ikilishika kwa upande wake. Nimeona heri nizijibu pamoja, kwa sababu jina hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na limebeba jambo moja ambalo familia zetu zinapaswa kuambiwa waziwazi.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi na mume wangu tunaishi Lanet, Nakuru, na tunatarajia mtoto wa kike mwezi ujao, Mungu akipenda. Tumekubaliana kumwita Kezia, jina nililolisikia likisomwa kanisani. Mavyaa wangu halipingi, ila anasema ni jina la wazee ambalo limepitwa na wakati. Wifi yangu naye anasema ni jina la kutungwa tu. Ningependa kujua jina hili limetoka wapi, lina maana gani, na kama bado lina watu. Nisingependa mwanangu ateseke kwa ajili ya jina. — Mama mtarajiwa, Lanet

JIBU: Dada yangu, nakuombea ujifungue salama. Wifi yako amekosea, na mavyaa wako amepata nusu ya ukweli.

Kezia limo katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 42, aya ya 14. Baada ya misiba yote iliyompata, Ayubu alijaliwa watoto wengine kumi, wana saba na binti watatu. Mwandishi anawataja mabinti kwa majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, lakini hataji jina hata moja la wale wana saba. Kwa kitabu kilichoandikwa katika jamii iliyohesabu ukoo kwa wanaume, hilo ni jambo la kumfanya msomaji asimame na kuisoma aya upya. Biblia zetu za Kiswahili zimeliandika jina kwa herufi ya s, ilhali familia nyingi za Kenya hutumia z, na suala hilo nitalirudia mwishoni kwa sababu kuna msomaji mwingine limemletea shida.

Kwa Kiebrania jina ni Qetsi'ah, na linataja gome lenye harufu nzuri la mti ulio wa jamii moja na mdalasini, ambalo Wagiriki waliliita kasia. Shina la neno hilo lahusiana na kukwangua na kubandua, kwa kuwa gome hubanduliwa mtini kisha likakaushwa. Neno lilo hilo linapatikana katika Zaburi ya 45, wimbo wa harusi ya mfalme, ambamo mavazi ya bwana harusi yananukia manemane, udi na gome hilo. Dada zake Kezia nao wana majina ya aina hiyo: Yemima wataalamu wengi hulihusisha na njiwa, na Keren-hapuki ni pembe ya wanja, yaani chombo cha kutunzia wanja wa macho. Baba aliyepoteza watoto kumi kwa siku moja, akaketi majivuni akijikuna kwa kigae, ndiye aliyewaita binti zake njiwa, manukato na wanja. Sijui uteuzi wa majina katika Biblia nzima unaonigusa kuliko huo.

Kasia yenyewe unayo karibu. Majuzi nilisimama mbele ya meza ya viungo katika Soko la Jubilee mjini Kisumu, na mwenye meza akaniwekea kiganjani vijiti viwili ambavyo vyote aliviita mdalasini. Kimoja kilikuwa na tabaka nyingi za gome jembamba zilizoviringishwa pamoja, na kilimeguka nilipokibana kidogo kwa vidole. Cha pili kilikuwa kinene na kigumu, rangi yake kahawia iliyokolea, na kilikuwa gome moja tu lililojikunja kutoka kando zote mbili hadi kingo zikakaribiana katikati. Hicho cha pili ndicho kasia, na harufu yake ni kali zaidi. Asili yake ni Uchina na nchi za kusini-mashariki mwa Asia, nayo imesafirishwa katika Bahari ya Hindi tangu zama za kale sana. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, ule ule unaoutaja mji wa Rhapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, unaiorodhesha kasia miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa katika bandari za pwani ya Wasomali. Herodotus, aliyeandika mapema zaidi, aliambiwa kwamba kasia huota ziwani huko Arabuni na kwamba hulindwa na wanyama wenye mabawa wanaofanana na popo. Huenda simulizi kama hizo ziliwafaa wachuuzi ambao hawakutaka wanunuzi wajue bidhaa ilikotoka.

Sasa nije kwenye matumizi yake. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliwapa watoto wao majina ya watakatifu, na binti za Ayubu hawakuwa na nafasi hapo. Hali ilibadilika baada ya Matengenezo ya Kanisa, Waprotestanti walipoanza kuisoma Biblia nzima kwa lugha zao na kuchota majina katika Agano la Kale, hasa Wapuritani wa Uingereza na wale waliohamia Marekani katika karne ya 17. Mfano unaojulikana sana ni wa Kezia Wesley, dada yake John Wesley aliyeanzisha harakati ya Wamethodisti. Baba yao, Samuel Wesley, alikuwa kasisi huko Epworth, naye alitumia miaka mingi kuandika kitabu kikubwa cha Kilatini kuhusu Ayubu, ambacho kilichapishwa mwaka 1736 akiwa ameshafariki. Mnamo Februari 1709 nyumba ya familia hiyo iliteketea usiku, na John, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, akaokolewa kupitia dirishani. Mama yao, Susanna, alikuwa mjamzito wakati huo, na mwezi uliofuata akajifungua mtoto wake wa 19 na wa mwisho, ambaye waliamua kumwita Kezia. Familia iliyokuwa imepoteza kila kitu kwa moto ililijua vizuri jina ililolichagua.

Baada ya hapo jina liliendelea kuishi kwa utulivu. Familia za Waromani nchini Uingereza, yaani jamii ambayo Waingereza huiita Gypsy, zililipenda sana na kulirithisha kizazi hadi kizazi. Nchini Marekani lilitumika na Wazungu na Waamerika weusi pia, na kifupi chake, Kizzy, kilivuma kwa ghafla mwaka 1977 baada ya mhusika mwenye jina hilo kuonekana katika mfululizo wa televisheni uliotazamwa na mamilioni ya watu. Jina kamili halikuwahi kuvuma kiasi hicho. Marekani huchapisha orodha za majina ya watoto zinazoanzia mwaka 1880, na kwa upande wa Uingereza na Wales zipo orodha za kila mwaka tangu 1996. Kezia halijawahi kuingia katika majina 100 ya kwanza ya wasichana, si kwa h ya mwisho (Keziah) wala bila h. Hata hivyo halijafa. Kezia Dugdale aliongoza chama cha Labour cha Scotland kuanzia 2015 hadi 2017, na Kezia Warouw aliiwakilisha Indonesia katika shindano la Miss Universe la 2016, kwa maana Wakristo wa nchi hiyo nao hulitumia.

Hapo Nakuru mlipo, jina limehifadhiwa na mila. Familia za Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama, na mara nyingi jina la ubatizo la nyanya hufuatana na lile la nyumbani. Kwa hiyo mahali kama Bahati au Njoro, palipo na Shosho Keziah hapakosekani mjukuu Keziah. Mavyaa wako anapolisikia jina hili anamwona mwanamke wa rika lake, na hilo ndilo linalomfanya aseme limepitwa na wakati. Mimi naona vingine. Ni jina la silabi tatu, kila moja ikiishia kwa irabu, linalotamkika bila taabu kwa Kiswahili. Darasani ambamo kina Faith na Mercy ni watatu watatu na huulizana ni yupi aliyeitwa, Kezia ataitika mara moja.

SWALI: Mhariri, hujambo. Nyanya yangu mzaa baba, aliyezikwa Seme, aliitwa Kezia Akoth. Rafiki zake wa kanisani walikuwa kina Dorka, Damari, Roda na Yunia. Katika kizazi chetu nyumbani tunao kina Akoth watatu, lakini hakuna Kezia hata mmoja. Majina haya yaliingiaje Nyanza, na mbona yametoweka? — Mjukuu, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mjukuu mpendwa, orodha ya rafiki za nyanya yako ni historia ya dini ya eneo letu kwa ufupi. Wamisionari wa Friends, wanaojulikana pia kama Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902. Church Missionary Society ilianzisha kituo cha Maseno mwaka 1906, na mwaka huo huo Waadventista Wasabato wakafungua Gendia, karibu na Kendu Bay. Waliojiunga na madarasa ya kusoma, ambao Waluo waliwaita josomo, walijifunza herufi na katekisimu kwa pamoja, na siku ya ubatizo kila mmoja akapewa au akachagua jina jipya. Wakatoliki walipewa majina ya watakatifu. Waprotestanti waliyatafuta katika Maandiko.

Kuna jambo ambalo huenda hukulitambua katika orodha yako. Dorka, Damari, Roda na Yunia wote wametoka katika Agano Jipya, ambalo lilitoka kwa Dholuo, lugha ya Waluo, mwaka 1926, ilhali Biblia nzima ya Dholuo ilichapishwa mwaka 1953. Upande wa Maragoli mambo yalikwenda vivyo hivyo: Agano Jipya mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1951. Msichana wa miaka ya 1930 angeweza kukutana na Dorka katika kitabu alichokishika mwenyewe, lakini ili ampate binti wa Ayubu, ilihitajika mwalimu au mmisionari aliyekuwa na Biblia nzima ya Kiingereza, Kiganda au Kiswahili. Kama nyanya yako alibatizwa kabla ya miaka ya 1950, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu fulani alimteulia jina hilo akijua limo wapi. Na hakuwa peke yake. Kezia Obama, mke wa kwanza wa Barack Obama mkubwa, baba yake aliyekuwa rais wa Marekani, na mzaliwa wa Nyanza, aliyefariki Uingereza mnamo Aprili 2021, alikuwa wa kizazi hicho hicho.

Kuhusu kutoweka kwake, tazama jinsi jina linavyorudi katika boma la Mluo. Aliyefariki humtokea mzazi au ndugu katika ndoto, na mtoto akapewa jina lake. Lakini kinachorudi aghalabu ni jina la nyumbani. Akoth alirudi mara tatu kwenu. Jina la ubatizo halina njia hiyo, kwa hiyo kila kizazi hulichagua upya kwa kufuata kinachopendwa wakati huo, na katika miaka ya karibuni kilichopendwa ni maneno ya Kiingereza ya baraka na fadhila, kama Joy, Purity na Blessing. Ndiyo maana Nakuru bado kuna Kezia mdogo na mkubwa katika familia moja, huku kwenu jina likibaki kwenye msalaba wa kaburi. Kama kuna binti atakayezaliwa kwenu, mpeni yote mawili. Kezia Akoth ni jina zuri la kuitwa na lina mtu aliyelibeba kabla yake.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu, na msichana wa kati anaitwa Kezia. Mchungaji wetu alihubiri kwamba Ayubu aliwagawia binti zake urithi. Niliporudi nyumbani nikasema nitafanya vivyo hivyo, ndugu zangu wakanijia juu. Wanasema hayo ni ya Biblia tu, na kwamba shamba la ukoo halipewi msichana kwa sababu ataolewa. Shamba lenyewe ni dogo. Nifanyeje? — Baba Kezia, Mbale, Vihiga

JIBU: Baba Kezia, hii ndiyo barua niliyotamani kuijibu kuliko zote, na nitaijibu kwa urefu.

Mchungaji wenu alisoma sawasawa. Aya ya 15, inayofuata mara tu baada ya majina, inasema kwamba katika nchi yote hawakuonekana wanawake wazuri kama binti za Ayubu, na kwamba baba yao aliwapa urithi kati ya ndugu zao. Maneno hayo ya mwisho yasikupite. Katika Hesabu sura ya 27 kuna mabinti wengine waliorithi, wale watano wa Selofehadi, lakini wao walikwenda mbele ya Musa kudai fungu la baba yao kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume, na sheria iliyotolewa hapo ilimruhusu binti arithi pale tu mwana asipokuwepo. Kezia alikuwa na kaka saba. Hakulazimika kwenda kwa mwamuzi wala kuomba; baba yake alimpa akiwa hai, kaka zake wakiwepo, bila sheria yoyote kumlazimisha.

Jambo hilo liliwashangaza hata watu wa kale. Lipo andiko la Kiyahudi lililohifadhiwa kwa Kigiriki, liitwalo Agano la Ayubu, ambalo lina umri wa takriban miaka 2,000 na halimo katika Biblia. Ndani yake mzee Ayubu anagawa mali yake kwa wana saba, na mabinti wanamuuliza kama wao si watoto wake pia. Anawajibu kwamba amewawekea urithi ulio bora kuliko wa kaka zao, kisha anawapa mishipi mitatu ya rangi ing'aayo, ambayo wakijifunga wanaanza kumsifu Mungu kwa lugha za malaika. Kasia, ndivyo anavyoitwa humo, anaimba juu ya uumbaji wa mbingu. Ni simulizi tamu, lakini mimi nasimama na aya ya Biblia. Hilo andiko la pili limewapa wavulana mali na wasichana nyimbo, na mgawanyo wa namna hiyo tunaujua vizuri huku kwetu.

Sasa tuje kwa ndugu zako. Wanaposema hayo ni ya Biblia tu, wamesahau sheria ya nchi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na inapowataja watoto wa marehemu haitofautishi mvulana na msichana, wala aliyeolewa na asiyeolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Eldoret ilisikiliza kesi ya familia ambayo mahakama ya chini ilikuwa imewapa mabinti ekari chache mno kuliko wana, kwa hoja ile ile kwamba wataolewa, na majaji wakaukataa mgawanyo huo. Katiba ya 2010 ikaongeza nguvu: kifungu cha 27 kinampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi.

Ugumu wenu wa shamba dogo naufahamu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, na baba mwenye robo ekari hawezi kuikata mara tano kila mtoto akapata mahali pa kujenga na pa kulima. Lakini udogo wa shamba ni tatizo la watoto wote watano. Haliwezi kuwa dogo kwa wasichana kisha likawatosha wavulana. Fungu pia si lazima liwe udongo. Kuna baba aliyempa binti kiwanja sokoni, mwingine ng'ombe na ndama wake, mwingine hisa katika ushirika, mradi amekaa na watoto wote na kuliweka wazi.

Liandikeni. Wosia wa maandishi huwa halali ukitiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili walioiona sahihi hiyo, na ni heri mashahidi hao wasiwe watu wanaopewa chochote ndani yake. Wosia wa mdomo, ambao wazee wengi huutegemea, unahesabika tu ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili na mwenyewe akafariki katika muda wa miezi mitatu baada ya kuutamka. Mzee aliyesema neno lake katika kikao cha Krismasi na kufariki mwaka uliofuata mwezi wa Agosti hajaacha wosia, hata kama ukoo mzima ulimsikia. Mwite mama watoto, waite wote watano, wavulana kwanza wasikie kutoka kwako wala si kwa amu zao, kisha nendeni kwa wakili au kwa wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo. Binti yako ameitwa Kezia. Aliyeitwa hivyo mara ya kwanza alitajwa na kupewa fungu katika aya mbili zinazofuatana, na sioni jinsi mzazi atakavyochukua ya kwanza na kuiacha ya pili.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista karibu na Mumias. Kuna wazazi wanaotaka mtoto wao abatizwe kwa jina la Kezia, lakini baadhi ya waumini wanapinga wakisema hakuna mtakatifu wa jina hilo. Je, wana haki? — Katekista

JIBU: Milele amina. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali aliongeze mwenyewe jina la mtakatifu, na wazee wengi wamelelewa katika utaratibu huo. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba jina si geni kwa hisia za Kikristo. Jina lililomo ndani ya Biblia haliwezi kuwa geni. Tena baba yake, Ayubu, yumo katika orodha ya watakatifu wa Kanisa la Roma, na hukumbukwa tarehe 10 Mei. Mkiwa na nafasi, mbatizeni siku hiyo.

SWALI: Mhariri, binti yangu ana miezi kumi na minne. Hospitalini walimwandika Kesia na ndivyo cheti cha kuzaliwa kilivyotoka. Cheti cha ubatizo kinasema Kezia. Kliniki wameandika Keziah, na nyanya yangu anamwita Kethia. Lililo sahihi ni lipi? — Mzazi, Njoro

JIBU: Yote yana asili ya kweli, mzazi. Kesia ni maandishi ya Biblia ya Kiswahili, na pia ndivyo wanavyotamka Waluo na Wakalenjin wengi wa zamani, kwa kuwa lugha zao hazina sauti ya z. Kezia bila h ni maandishi ya tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, na Keziah yenye h imo katika tafsiri za Kiingereza za baadaye, ambazo zilitaka kuihifadhi herufi ya mwisho ya Kiebrania. Nyanya yako anasema Kethia kwa sababu ulimi wa Mkikuyu wa rika lake huzigeuza s na z hivyo, na asikosolewe.

Kinachohitaji kurekebishwa ni karatasi. Mtoto atakapoandikishwa shuleni, cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachofuatwa, na jina litakaloandikwa hapo litamfuata hadi kwenye mitihani ya kitaifa, kitambulisho na pasipoti. Nimeona wazazi wakihangaika kwa wakili na hati za viapo mtoto akiwa kidato cha nne kwa sababu ya herufi moja. Mimi ningechagua Kezia, kwa kuwa h ya mwisho haitamkwi na z ndiyo inayotumiwa na familia nyingi za Kenya. Lakini kama amerithi jina la nyanya aliyeandikwa Keziah katika kitambulisho, mwandikeni kama yeye. Sheria ya Kusajili Vizazi na Vifo inamruhusu mzazi kubadilisha jina la mtoto katika daftari ndani ya miaka miwili tangu alipoandikishwa, kwa kulipa ada na kuleta ushahidi wa jina jipya, na cheti chenu cha ubatizo kinaweza kutumika kama ushahidi. Chukueni vyeti vyote viwili pamoja na vitambulisho vyenu wazazi, mwende kwa msajili wa vizazi mjini Nakuru. Kwa umri wa mtoto wenu, muda bado upo, ila msingoje hadi mwaka uishe.